Si kamera, ni nakala: "HD" ya michezo ya Kaole

Juzi hapa Bahi nilijaziwa kwenye flashi vipande vya michezo ya Kaole Sanaa, ile ya ITV iliyomtoa Steven Kanumba. Faili limeandikwa "HD". Kwenye TV bapa, aisee, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mdogo wangu akasema, "Kamera za zamani zilikuwa mbovu." Hapo ndipo tulipobishana.

Matangazo ya PAL yalikuwa na mistari 576 ya picha, na nusu-picha 50 kila sekunde. Ndiyo maana kwenye TV ya kichogo, antena ikikaa vizuri bila chenga, mwendo ulikuwa laini. Sasa tazama chini kabisa ya hilo faili: kuna ukanda mwembamba unaochezacheza. Hiyo ni alama ya kanda ya VHS, yaani kuna mtu alirekodi kwa deki. VHS inapunguza ukali wa picha, na rangi inaipunguza zaidi, ndiyo sababu khanga nyekundu inavujia ukutani.

Halafu kuna vimraba. Hivyo ni vya VCD, ile tuliyoiita CD tu. Picha yake ni nukta 352 kwa 288, robo ya 720 kwa 576 za DVD. Kuifikia, kwa kawaida nusu-picha moja katika kila mbili hutupwa, na kilichobaki hubanwa kwenye megabiti 1.15 hivi kwa sekunde. Kibaya ni kwamba programu ya kubana haijui tofauti ya chenga na mwigizaji. Chenga hubadilika kila picha, basi zinakula nafasi kubwa, na uso wa mtu unaambulia makombo.

Siilaumu VCD. Kwenye TV ya inchi 14 ilitosha kabisa, na iliwafikishia michezo watu wasiopata chaneli.

Ninayemlaumu ni huyu wa "HD". Programu yake inabuni ngozi na nyusi ambazo kwenye nakala hazimo. Tena kaivuta picha ya 4:3 ijaze kioo cha 16:9, kila mtu kanenepa kwa theluthi! Afadhali VCD yenye vimraba, angalau haidanganyi.

Dawa ni kurudi kwenye kanda ya awali kama bado ipo, kuhamisha nusu-picha zote, na kuacha umbo la 4:3. Lakini gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye kanda hunyonya unyevu na kuoza, kwa hiyo hewa ya Dar ni adui yake. Ukavu wetu wa Dodoma ni afadhali, ila vumbi linakwaruza. Na Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho anayejulikana wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Mwenye kanda kwenye sanduku la nguo aanze kwa kutafuta deki nzima.