Shairi la Kuchekesha Linapovuka Mpaka

Kila asafiriye na kalamu hurudi na beti mbili tatu za kuchekesha: Wajapani wako hivi, Wajerumani wako vile, nilikula kile, nikapotea kule. Nyingi hazifai, na si kwamba watunzi wake hawana ucheshi. Wengine ukikaa nao barazani utashika mbavu. Ila nchi waliyoitaja haina kazi ndani ya shairi. Imewekwa pale kama picha ya kalenda.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ukiletewa shairi la namna hii ni kuling'oa jina la nchi na kupachika lingine. Nimetunga mishororo miwili ya mfano:

*Nikaenda Marekani, watu wake wa ajabu,*
*Chakula chao mezani, ukila wapata tabu.*

Mizani ni kumi na sita kila mshororo, vina vimekaa. Sasa ondoa Marekani, weka Pakistani. Hakuna kilichovunjika, si mizani, si kina, si maana. Shairi linaloweza kuhamishwa bara zima bila kutikisika halikufika kokote. Na kina chenyewe usikipigie makofi. Marekani, Japani, Irani, Ujerumani, pamoja na kila nyumbani na sokoni, vyote vinaishia na -ni. Hicho ni kina cha kuokota njiani.

Tazama sasa ubeti wa pili, nao nimeutunga kwa ajili ya makala haya. Uupe kichwa "Tromsø, Desemba", mji wa kaskazini mwa Norwe ambako jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari:

*Miadi ni saa mbili, mwenyeji nikamngoja,*
*Giza nje ni kamili, nyota ziko moja moja,*
*Nahesabu kwa akili, saa tangu jua kuja,*
*Bado miezi miwili, ndipo itimie moja.*

Jaribu kuuhamishia Kampala, ambako jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Unakufa papo hapo. Tena unahitaji msemaji anayehesabu saa tangu macheo, yaani mmoja wetu. Mnorwe mwenyewe asingeweza kuutunga. Nchi mbili zimegongana ndani yake, na anayechekwa ni mgeni na saa yake, si mwenyeji. Hapo ndipo ninapopatazama sana. Mtunzi anayecheka lafudhi ya mhudumu wa hoteli au umaskini wa mji aliopita kwa basi amechagua windo jepesi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na ulimi mkali kuliko wengi wetu, lakini aliwapimia walioweza kumjibu.

Rudi kwenye mshororo wa nne, maana kwenye shairi letu hapo ndipo mtunzi hujulikana. Kibwagizo kitarudi kila ubeti. Kikirudi na maana ileile, kufikia ubeti wa tatu msomaji amekwisha cheka na ameanza kuhesabu kurasa. Kibwagizo kizuri hubaki na maneno yaleyale huku dunia inayokizunguka ikigeuka. Chukua hicho cha Tromsø, uupeleke ubeti unaofuata mwezi wa Juni. Sasa jua limegoma kutua tangu Mei hadi Julai, naye mgeni wetu amealikwa chakula cha saa moja usiku. Bado miezi miwili, ndipo itimie moja. Hakuna silabi iliyobadilika, na kicheko ni kipya. Ukikutana na kibwagizo cha namna hiyo, samehe makosa mengine mawili.

Makosa yenyewe hasa ni maneno ya kujazia mizani: "jamani", "nawambia", "kwa kweli", "enyi wenzangu". Katika utenzi wa maombolezo yanavumilika. Katika shairi la kuchekesha ni maji kwenye mafuta ya taa, hayawaki. Inkisari nayo itumike kwa kiasi. Msomaji akisimama kufumbua neno lililokatwa, kicheko kimepita. Guni nalifuta bila mjadala, kwa kuwa mzaha husimama juu ya mdundo, na mdundo ukiteguka mzaha huanguka nao.

Tahadhari, hata hivyo, usiende na rula hii ya kung'oa jina kwa kila mtu. Edward Lear wa Uingereza, katika kitabu chake cha upuuzi cha mwaka 1846, alijaza limeriki, yaani vishairi vifupi vya kuchekesha, zenye wazee wa miji mbalimbali, na mji mara nyingi ulichaguliwa kwa mlio wake tu, kwa sababu jina linakaa mwisho wa mshororo wa kwanza na kina chote kinalitegemea. Ungeng'oa jina, ungeng'oa shairi, lakini kwa sababu ya sauti. Lear alikusudia upuuzi, na kwa kipimo cha upuuzi anafaulu. Anayemuiga leo akidai anatuonyesha nchi ndiye wa kumbana.

Wajapani nao wana utanzu wao wa kuchekesha, senryu, silabi kumi na saba zilizogawanywa tano, saba na tano, bila kina. Imepewa jina la Karai Senryū (1718–1790), aliyekuwa mteuzi wa mashindano ya utunzi mjini Edo. Mkusanyo wa kwanza wa beti zilizotokana na uteuzi wake ulitoka mwaka 1765. Napenda kwamba utanzu mzima umebeba jina la mchujaji. Tangu 1987 kampuni moja ya bima huko imekuwa ikishindanisha senryu za wafanyakazi wa ofisini, kuhusu bosi, mshahara na mke aliyekwisha lala. Katika senryu hakuna mahali pa kujificha. Kina hakikusaidii, kibwagizo hakipo, kilichobaki ni jambo moja dogo la kila siku lililoonwa sawasawa. Mtunzi wetu anayetaka kujinoa afanye zoezi hilo kwanza, kisha arudi kwenye mizani kumi na sita.

Mwisho, lisome shairi uliloletewa kwa sauti mbele ya mtu asiyejua lilikotoka. Kichwa cha habari ruhusa kumpa, kama nilivyofanya kwa Tromsø. Zaidi ya hapo usieleze neno. Shairi la kuchekesha linalohitaji tanbihi ndipo lichekeshe, mhariri alirudishe kwa mwenyewe.