Mwamba wa Plasta Kando ya Reli Ndogo

Katika reli za modeli za kipimo cha HO, kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu wa mita 1.74 anakuwa na kimo cha sentimita 2, na ukuta wa mwamba wa mita 30 unaishia kwenye sentimita 34 na ushei. Kwa udogo huo, kasoro yoyote ya mwamba huonekana haraka. Ndiyo maana mafundi bado huzichambua picha za Gorre & Daphetid, reli ya John Allen wa Monterey, California, ambayo milima yake ilipanda kutoka sakafuni kuelekea dari. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli hiyo.

Mlima huanza na gamba. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader, alieneza njia ya kuchovya karatasi za kufutia mikono katika plasta na kuzitandaza juu ya kiunzi. Zikikauka, hujishikilia zenyewe.

Mwamba hutoka kwenye kalibu. Jiwe lenye nyufa nzuri, au hata bonge la makaa ya mawe, hupakwa lateksi tabaka juu ya tabaka, na shashi huwekwa katikati ili kalibu isichanike. Kisha plasta humiminwa ndani ya kalibu, na ugumu uko kwenye kuibandika juu ya gamba. Plasta ikiwa nyepesi bado, humwagika; ikishaganda, haishiki. Fundi huikunja kalibu kidogo, na plasta ikianza kufanya vijiufa, huibandika papo hapo. Gamba sharti lilowanishwe kwanza, la sivyo litanyonya maji ya plasta mbichi na kiungo kitamomonyoka. Kisha fundi huikandamiza kalibu mpaka kiganja kisikie joto, kwani plasta hupata moto inapoganda.

Kalibu moja hutumika mara nyingi, na hapo ndipo kuta nyingi huharibika. Fundi akiigeuza robo duara ili kuficha marudio, matabaka ya mwamba yaliyolala yanasimama wima ghafla. Afadhali kuigeuza nusu duara: sura hubadilika, mlalo wa matabaka hubaki.

Kwenye rangi, naunga mkono njia ya madoa. Rangi ya akriliki huzimuliwa kwa maji mengi, kisha sponji hudonoa hapa rangi ya udongo wa manjano, pale kahawia, na kijivu hujaza nafasi zilizobaki. Plasta huzinyonya na kingo za madoa huingiliana. Mwisho hupitishwa maji ya rangi nyeusi, yanayotuama kwenye nyufa na kuzipa kina. Rangi nzito ya kopo huziba vinyweleo vya plasta, na mwamba hubaki kama ukuta wa ofisi.

Rangi za madoa hufifia zikikauka. Anayeanza na apake kwanza kipande cha majaribio, akiache kikauke kabisa, akitazame chini ya taa zilezile za reli yake, ndipo auguse ukuta.