Dodoso Mkononi mwa Mkufunzi

Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Kyela: watu wenye vimelea vya matende na mabusha walipata maambukizi mapya ya VVU 1.91 kwa kila watu 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka, na wasio na vimelea 0.80. Data zilitoka katika utafiti wa EMINI, uliofanyika Mbeya kati ya 2006 na 2011. Damu haioni aibu. Lakini pingamizi la kwanza lilikuwa wazi: huenda tofauti hiyo inatokana na mwenendo wa ngono tu. Ili kulijibu, watafiti walilazimika kuingiza katika hesabu yale ambayo washiriki wenyewe waliyasema kuhusu maisha yao ya faragha. Hapo usiri unaacha kuwa adabu ya mtafiti na unakuwa sehemu ya kipimo, kwa kuwa jibu lililotolewa kwa hofu linaipotosha hesabu nzima.

Upotoshaji huo umepimwa hapa hapa Tanzania. Katika mradi wa MEMA kwa Vijana, Mwanza, majibu ya vijana yalilinganishwa na vipimo vya mimba na magonjwa ya zinaa. Uchambuzi wake ulitoka 2004. Miongoni mwa waliothibitishwa na vipimo, ni asilimia 58 ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana tu waliokiri kujamiiana katika madodoso yote mawili, la kuulizwa ana kwa ana na la kujaza wenyewe. Wasichana sita wenye ugonjwa wa zinaa walihojiwa pia kwa kina: mmoja tu ndiye aliyekuwa amekiri katika dodoso lolote, ilhali watano walikiri kwenye mazungumzo. Sita ni wachache, nakubali. Hata hivyo inafikirisha kwamba ukweli ulijitokeza zaidi pale ambapo mhojiwa alizungumza kwa kina na mtu, si katika dodoso, hata lile la kuulizwa ana kwa ana.

Kwa hiyo dodoso lisilo na jina, ambalo vyuo vyetu hulitegemea kama ngao, halitoshi. Chukua darasa la wanachuo thelathini huko Kyela, na dodoso moja lililojazwa humo: mwanamke, miaka 19, kwao kata ya Matema, ana mtoto mmoja. Jina la nini tena? Na kama karatasi inagawiwa na mkufunzi yuleyule anayesahihisha mitihani, kisha inakusanywa na kiongozi wa darasa, basi sahihi ya ridhaa ina uzito gani? Watu wazima hao wana haki ya kukataa, ila mazingira yamewanyang'anya nafasi ya kuitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo maswali ya kata na idadi ya watoto yafutwe ikiwa uchambuzi hauyahitaji, na kazi ya kuhoji apewe mhojaji kutoka nje ya chuo. Wapo watakaosema mhojaji huyo ni gharama, na kwamba wanachuo wakiwa huru kweli wengi watakataa. Gharama ipo. Afadhali watu arobaini waliohojiwa vizuri kuliko mia nne waliojaza huku wakichunguliwa, na waliokataa wahesabiwe na kuandikwa kwenye jedwali la kwanza la ripoti.