Mto Ulanga Hauingii Ziwani

Ukiitazama The African Queen (1951) ukiwa Ifakara, utacheka kidogo, halafu itakuudhi. Boti ya mvuke inateremka mto Ulanga hadi ziwani, kuzamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Sasa, Ulanga si ndilo jina jingine la Kilombero yetu?

Kwenye mashine, mwongozaji John Huston kajitahidi. Kuni zinachochewa, boila linachemka, presha ikizidi fundi analipiga teke lisilipuke. Unaielewa nguvu ya mvuke bila kufundishwa.

Mto ndio ulioonewa. Fuata maji: Kilombero inakutana na Luwegu, Rufiji inazaliwa, safari inaishia Bahari ya Hindi. Hakuna ziwa la kuingilia. Meli inayotajwa kuwa chimbuko la hadithi, Graf von Götzen, ilikuwa Ziwa Tanganyika, mbali kabisa. Tena Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916. Ikaibuliwa 1924, na ndiyo Liemba.

Utasema hadithi tu hiyo. Sawa, lakini maji yanayopita chini ya daraja letu ndiyo yanakwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Shamba la mpunga Malinyi na taa ya Dar vimeunganishwa na mto huu. Asiyejua unakoelekea atautunzaje?

Itazame kwa ajili ya boila. Ramani yake usiiamini.