Mzingile Mbele ya Wahakiki: Usomaji wa Kutokea Bunia

Mzingile (1991) ni riwaya ya mwisho ya Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020. Pamoja na Nagona (1990) huhesabiwa kuwa sehemu mbili za kazi moja. Jina lake linatukumbusha mzingile-mwambiji, yaani njia zenye kupotezana, na wahakiki wengi wameipokea riwaya kwa namna hiyohiyo: kama fumbo la kufumbuliwa.

Mapokezi hayo yamekwenda pande mbili. Upande wa kwanza ulilalamika kwamba mwandishi wa Rosa Mistika (1971) na Gamba la Nyoka (1979), aliyekuwa akisomwa na wanafunzi wa sekondari na watu wa kawaida, sasa amewapa mgongo wasomaji wake. Upande wa pili uliisifu riwaya kwa ugumu huohuo. Said Khamis aliiona kuwa miongoni mwa dalili za sura mpya ya riwaya ya Kiswahili. Alena Rettová aliisoma kama falsafa iliyoandikwa kwa lugha ya Kiafrika. Hoja ya pili ina msingi, kwani Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu yake ya uzamivu, Wisconsin 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi.

Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: kwamba maangamizi ya ulimwengu yanayosimuliwa katika Mzingile ni ishara ya kitu kingine. Hapo ndipo usomaji wa kutokea Bunia unapoleta swali. Vita vya Ituri vilidumu tangu 1999 hadi 2003. Mwezi Mei 2003 makundi yenye silaha yalipigania mji, na wakazi wengi wakakimbia. Juni mwaka huo Umoja wa Ulaya ukapeleka majeshi ya operesheni iliyoitwa Artemis. Kwa msomaji aliyeyapitia hayo, msafiri anayepita katika nchi iliyoharibiwa, akitafuta mtu wa kuanza naye maisha upya, hana ufumbo wowote. Sehemu iliyowatatiza wahakiki kuliko zote ndiyo iliyo wazi kwake kuliko zote.

Kinachomzuia msomaji huyo kipo kwingine. Kiswahili cha Bunia husema “batoto” mahali pa “watoto”, na shule yake imemzoesha Kifaransa. Msamiati sanifu wa Kezilahabi humchosha kabla hajafika kwenye falsafa. Kwa hiyo lawama kwamba riwaya imewaacha wananchi ina ukweli, ila sababu iliyotolewa sio. Umma wa Kiswahili ni mpana kuliko ule wa Dar es Salaam, na ugumu hubadilika kufuatana na mahali.

Usomaji huu hauipi riwaya sifa tupu. Katika Gamba la Nyoka nguvu iliyotumika kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa ina watendaji, na msomaji anawajua. Katika Mzingile maangamizi yanakuja kama kudura. Hayana jina la kiongozi, jeshi wala mfadhili. Kwa mwanafalsafa huo ni upana wa mawazo. Kwa Ituri, ambako swali la nani alitenda nini limefikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ni upungufu mkubwa: ulimwengu unaanza upya bila mtu kuulizwa habari ya ule wa kwanza.

Katika mchezo wa vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, ndipo akapewa jibu. Wahakiki wa Mzingile wametoa miji mingi, kila mmoja kwa nadharia yake, bila kuuliza fumbo linategwa mbele ya nani. Uhakiki wa Kiswahili utakaowaweka wasomaji wa Kongo ya mashariki katika hesabu zake utalazimika kuanza na swali hilo.