Umoja na Wingi katika Majina ya Fedha ya Kiingereza

Wafasiri wengi wa hati za fedha huishika kanuni moja tu ya sarufi ya Kiingereza: kwamba herufi "s" mwishoni mwa jina ni alama ya wingi. Kanuni hiyo yafaa kwa meza na vitabu. Katika majina ya fedha hupotosha, kwa kuwa huko mara nyingi "s" haiongezi idadi, bali huzaa jina jingine.

"Fund" ni mfuko uliotengwa kwa kazi maalumu. "Funds" yaweza kuwa mifuko kadhaa, lakini aghalabu ni fedha zilizopo tu. "Interest" ya benki ni riba. "Interests" ni maslahi. Hata sarafu ndogo ya Uingereza hushuhudia jambo hili. "Penny" ina wingi wa namna mbili: "pennies" ni vipande vya sarafu, "pence" ni thamani. Mwenye kipande kimoja cha "pence" kumi hana "penny" hata moja mkononi.

Hatari kubwa imo katika "security" na "securities". La kwanza mara nyingi ni mali aiwekayo mkopaji; la pili ni hati ziuzwazo sokoni, kama hisa na hati fungani. Kiswahili hutumia dhamana kwa yote mawili, na neno hilo halibadiliki katika wingi. Lakini aliyeweka nyumba yake dhamana na aliyenunua dhamana za serikali wamesimama pande mbili za deni: mmoja adaiwa, mwingine adai. Mfasiri asiyepambanua humwachia msomaji kukisia, naye akikisia vibaya aweza kupoteza nyumba. Yafaa basi rehani itumike kwa mali iliyowekwa, na hati za dhamana kwa zile za sokoni.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni geni kwa Kiswahili. Pato la taifa ni jumla ya thamani inayozalishwa nchini. Mapato ya serikali ni kodi, ushuru na ada zinazoingia hazina. Hakuna ajuaye lugha atakayedhani kwamba mapato hayo ni wingi wa pato hilo. Mfasiri anayo tayari hisia hiyo katika lugha yake; limsalialo ni kuitumia asomapo Kiingereza.