Mfumo wa Korosho Ukikwama, Tusikimbilie Kulaumu Mtandao

Mradi wa programu ukikwama, sababu ni zilezile: mtandao uko chini, wakulima hawana elimu, bajeti haikutosha. Kwa mtazamo wangu hizo ni sababu za kujifariji. Hebu tuangalie korosho ya Masasi na Newala, ambako mfumo ukikosea mkulima halipwi, na ada ya shule ya Januari haisubiri.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, unasafirishwa ghala kuu, unapimwa tena, unaingia mnadani kupitia MAMCU au TANECU, kisha fedha inaingia kwenye akaunti yake. Ukizihesabu ni hatua sita tu. Mtaalamu wa programu akichorewa hivyo ubaoni, anasema miezi mitatu inatosha.

Kumbe shida iko kati ya hatua na hatua. Korosho hukauka. Gunia lililopimwa kijijini likikaa wiki kadhaa, uzito wake hupungua. Wenyewe wanaita unyaufu. Programu inayodai kilo zilizoingia zilingane na zilizotoka itamwita karani mwizi, au karani atajifunza kuidanganya. Hapo takwimu zote zimeharibika, hata kama programu yenyewe haina kosa.

La pili ni majina. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wengi walisubiri malipo hadi 2019, kwa sababu ilibidi kwanza kuhakiki nani mkulima kweli na nani mlanguzi wa kangomba. Ile haikuwa hitilafu ya kompyuta. Lilikosekana daftari linaloaminika, na programu inayojengwa juu ya daftari bovu inaharakisha makosa tu. Mama ana mikorosho yake, akaunti ni ya mumewe: mfumo unamlipa nani? Swali hilo si la mwandika programu, lakini akiachiwa atalijibu mwenyewe, usiku, bila kumuuliza mtu.

Mradi ukichelewa, tabia yetu ni kuongeza watu. Fred Brooks, aliyeongoza kazi ya OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, maana wageni hufundishwa na walewale waliolemewa na kazi. FBI ya Marekani ilikuwa na pesa na watu. Bado mwaka 2005 iliutupa mradi wake wa Virtual Case File, uliokula zaidi ya dola milioni 100.

Kuokoa mradi basi ni kupunguza. Anza na kazi moja: kupima na kutoa risiti. Ijaribu kwenye AMCOS moja, daftari la karatasi likiendelea pembeni, na usiizindue Oktoba msimu ukifunguliwa, eti kwa sababu mgeni rasmi kapatikana. Ifanye kazi bila intaneti na kutuma baadaye. Iwe na nafasi ya unyaufu, kwa kiwango walichokubaliana wanachama mkutanoni. Halafu awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema, "Hiki tunakiacha."

Kama hayupo, bora mradi usimame kwanza. Daftari la karani lina makosa yake, lakini mkulima anaweza kulisoma na kubishana nalo. Mfumo mpya usiompa nafasi hiyo unamrudisha nyuma, hata uwe na skrini nzuri kiasi gani.